Mkandaji Asiyeitikia Amina

Aliyeniletea habari kwamba mkwe wangu hamwamini Mungu ni Redio. Jina alilopewa na wazazi wake analo, ila sisi wa pale kwenye tanuri tulikuwa tumeshalisahau, maana mtu akiitwa Redio mara ya kwanza akaitika, basi tena. Yeye alikuwa anafinyanga mikate na mimi napaka makopo mafuta, meza moja, yeye upande ule mimi upande huu, na mdomo wake ulikuwa unafanya kazi kuliko mikono.

"Bibi," akaniambia, akishusha sauti mpaka ikasikika meza zote, "mkweo ana jambo."

"Jambo gani? Ana mke mjamzito, hilo nalijua."

"La imani."

Nikaendelea kupaka. Mtu akikuletea maneno ya mkweo usiinue uso upesi, atajua kwamba umeyataka.

"Jana mzee Itikieni alikuwa anawasha tanuri," akasema. "Akasema, Mungu akipenda leo litashika mapema. Unajua mkweo alimjibu nini? Alimjibu, kuni zikiwa kavu."

"Kwani zikiwa mbichi linashika?"

"Bibi! Siyo neno, ni namna alivyolisema."

Niwaeleze kwanza pale mahali, msije mkadhani tulikuwa na kiwanda. Kilikuwa chumba kirefu cha mabati, ukuta wa mwisho mweusi kwa moshi, ukuta wa mlangoni mweupe kwa unga, na sisi katikati tukiwa rangi zote mbili. Mwenye mali alikuwa mjane, tukimwita Mama Tanuri. Tulioka mchana, mikate itoke jioni ingali na joto, iende madukani. Saa ya ukutani ilikuwapo, lakini ilikufa kwa unga, na hakuna aliyeishusha.

Kazi yetu ilikwenda hivi. Mkwe wangu anakanda kwenye sanduku kubwa la mbao, donge linafunikwa, linaumuka. Linakatwa, linapimwa, Redio na wenzake wanafinyanga, linaingia kwenye makopo yangu. Ndani ya kopo linaumuka mara ya pili. Likifika ukingoni, tunaacha kila kitu, tunanawa mikono, tunasimama mstari mmoja, tunafumba macho, tunaomba. Marehemu mume wa Mama Tanuri ndiye aliyeliweka hilo. Sisi hatukuwa wa nyumba moja ya ibada, huyu anakwenda huku na yule anakwenda kule, kwa hiyo alitaka maneno ya watu wote yasiyotaja nyumba ya mtu yeyote. Mzee wa tanuri anasema, sisi tunaitikia amina, na amina ikiisha tu mlango wa tanuri unafunguliwa, makopo yanaingia. Hatukuwa na saa, lakini amina tulikuwa nayo.

Mzee wa tanuri tulimwita Itikieni. Amina ikiwa dhaifu alikuwa anafungua jicho moja, anatupitia mmoja mmoja, anasema, "Itikieni!" Tunaitikia upya kama watoto waliokosea kuimba.

Sasa huyo mkwe wangu. Alikuwa mtu wa mikono minene na maneno membamba. Alimwoa binti yangu wa mwisho, na kwa kuwa yeye ndiye mkandaji, walipewa chumba kilichoegemea tanuri upande wa nyuma, kwa sababu mkandaji anatakiwa awe karibu na donge lake. Chumba kizuri, ukuta mmoja una joto mwaka mzima. Binti yangu tumbo lilikuwa limeanza kumtangulia mlangoni. Mkwe akipoteza kazi, wamepoteza chumba, na wangekuja kwangu, kwenye chumba kimoja chenye kitanda kimoja na mkoromo wangu ambao hata paka aliukimbia. Kwa hiyo msidhani ni dini tu iliyonifanya nianze kumchunguza.

Nikamchunguza. Binti yangu akisema Mungu atatupa mtoto salama, yeye anasema, "Na mkunga." Watu wakiagana kwa kusema Mungu awe nawe, yeye anasema, "Haya, kesho." Kwenye sala anasimama vizuri, mikono imeoshwa, kichwa chini. Macho kama alifumba siwezi kuapa, maana na mimi nilikuwa nimefumba. Tuseme nilifumba moja. Lakini midomo niliiona. Amina haisemeki bila midomo kugusana katikati. Ya kwake haikugusana.

Nikasema moyoni, mama wee.

Kumbe sikuwa peke yangu. Redio alikuwa amemfikishia Itikieni, na Itikieni naye akaamua kumtafuta huyo mtu kwa njia yake. Sala ya marehemu ilikuwa ya kumaliza kabla mikono haijakauka. Itikieni akaanza kuirefusha. Siku ya kwanza akaongeza wagonjwa. Siku ya pili akaongeza wasafiri, wafungwa na wenye madeni. Baadaye akaingia kwenye "na aliye kati yetu ambaye moyo wake umefungwa," hapo anakaa, anazunguka, anarudi, anaupiga huo moyo kila upande kama mtu anayetafuta mlango gizani. Nia yake ilikuwa hii: asiyeamini atachoka kwanza. Atakohoa, atabadilisha mguu, atajikuna, na sisi tutamjua.

Waliochoka tulikuwa wengi. Magoti yangu mimi ni ya zamani. Lakini nani angebadilisha mguu? Redio alibanwa na chafya siku moja, akaimeza, machozi yakamtoka, na Mama Tanuri alipoyaona akadhani ni imani, akamsifu.

Mkwe wangu peke yake alisimama bila shida. Anakanda donge kubwa kila siku, kusimama kwake ni mapumziko.

Mikate ikaanza kunywea.

Ilikuwa inaingia imejaa, inatoka imebonyea katikati kama godoro la mgonjwa wa siku nyingi. Ukiukata una tundu kubwa juu na ugumu chini, na harufu ya kuchachuka. Madukani wakairudisha. Mwenye duka la kona alimwambia Mama Tanuri mbele yetu, "Mama, mimi nilitaka mikate, haya ni mabakuli."

Pale ndani pakawa hapakaliki. Kila mtu anamwangalia mwenzake kwa pembe ya jicho. Mtu akiinama kuokota kisu, wawili wanainama kuona anaokota nini. Unga ukabadilishwa, hali ni ileile. Hamira ikanunuliwa mpya, vilevile. Mama Tanuri akanusa maji. Mimi nikaambiwa labda mafuta ninayopaka yamelala, nikayapaka kwenye mkate mkavu nikala mbele yao wote, nikawaambia, "Nikifa mnizike na kopo." Hakuna aliyecheka, na hapo nikajua mambo yameharibika kweli.

Ndipo Redio akalisema lile ambalo wote walikuwa wanalitafuna. "Donge linapita mikononi mwa nani kwanza?"

Jioni ile nikaenda kwa binti yangu nikiwa nimebeba chekeche, eti namrudishia. Chekeche lenyewe lilikuwa langu. Mkwe wangu aliponiona akasimama, akafuta kiti, akaangalia ukuta, maana hajawahi kuniangalia usoni tangu alipotoa posa, mtoto ana heshima.

"Karibu, Mama."

"Nimekaribia. Baba, nikuulize jambo, na usinijibu kama mama mkwe, nijibu kama mtu."

"Mama, hilo ni gumu," akauambia ukuta.

"Mungu yupo au hayupo?"

Binti yangu akaacha kukunja nguo. Mkwe, hata ukimuuliza kama mvua inanyesha, hajibu mpaka atoke nje aione.

"Sijui, Mama," akasema.

"Hujui, au unasema hayupo?"

"Nimetafuta. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naomba kuliko wote nyumbani. Nikawa nasikia sauti yangu tu. Nikaona nisiseme nimesikia nyingine. Nikiulizwa na mtu kama hivi, nadhani hayupo. Lakini sijafika mahali pote, siwezi kuapa."

"Basi itikia amina tu, baba. Inakugharimu nini? Midomo ikutane, iachane, tukale."

"Mama, kama yupo, nitakuwa namdanganya yeye. Kama hayupo, nitakuwa nawadanganya ninyi. Sioni anayebaki."

"Tunabaki sisi wa kulala nje!" binti yangu akadakia. "Mimi na hili tumbo! Mama, mwambie. Mimi nimesema mpaka nimekauka. Watu wanaiba, wanazini, wanaitikia amina kwa sauti kubwa, na chumba wanacho. Huyu wangu haibi, hanipigi, hanywi, amekataa neno moja!"

"Kwani hujawaambia wenzako donge linaharibikaje?" nikamuuliza mkwe. "Wewe ndiye mkandaji. Unajua."

Safari hii alikuwa anajua ila anapima. "Nikisema," akajibu, "watasikia jambo jingine."

Sikumwuliza zaidi. Na ninyi msiniulize kama nilikuwa nimeshaelewa. Mtu aliyepaka makopo miaka yote ile anajua donge likikaa ukingoni muda mrefu linachoka, gesi inaisha nguvu, likionja moto linalala. Nadhani hata Redio alijua. Lakini ukisema sala ni ndefu, aliyechoka na sala ni nani? Mtu alikuwa anatafutwa pale ndani, na kila aliyekuwa na ulimi aliuficha asije akawa yeye. Tukawa tunasimama wote, tumefumba macho, mikate inakufa nyuma yetu, na hakuna anayegeuka.

Kesho yake Mama Tanuri akatuita kabla ya kukanda. Alikuwa amevaa kitambaa cheusi alichokuwa anavaa akitaka tumkumbuke marehemu.

"Sitaki kumwonea mtu," akasema. "Maneno yamefika kwangu kwamba kuna asiyeomba. Leo ataomba mkandaji. Aombe kwa mdomo wake, wote tusikie. Akiweza, maneno yaishe. Asipoweza, mimi siwezi kula mkate uliokandwa na mtu asiyejua umetoka wapi. Atanipisha kazi na chumba."

Mkwe wangu akasema, "Sawa, Mama." Sawa tu. Akaenda kukanda. Nikamfuata kwenye sanduku nikamnong'oneza maneno mafupi ya kusema, ya kawaida, hata kasuku angeyashika. Akanishukuru. Nikamwona anavyoshukuru nikajua hatayasema.

Makopo yakajaa. Donge likapanda mpaka ukingoni, jeupe, limevimba kama shavu la mtoto. Tukanawa, tukasimama. Binti yangu akaja akashika nguzo ya mlango. Mkwe wangu akatoka mbele. Hakufumba macho, na mimi langu moja liliona wazi kwamba hakufumba.

"Mimi sina mazoea ya kusema na nisiyemwona," akasema. "Ninyi nawaona. Mama Tanuri halali kwa ajili ya mikate hii. Mzee Itikieni mgongo unamuuma na hasemi, kuni zile ni nzito. Bibi hapo magoti hayataki. Nawatakia wote kheri kwa moyo wangu. Mikate imefika ukingoni. Tuioke."

Basi. Tulikuwa tumezoea kusimama mpaka miguu ife, tukawa hatujui kama imeisha. Mtu mmoja nyuma akasema "amina" kwa kushtuka, tukaitikia, na Itikieni, kwa mazoea ya miaka, mkono wake ukafungua mlango wa tanuri kabla kichwa hakijamkataza.

Mikate ilitoka imesimama. Ilikuwa mirefu, ya rangi ya asali, ukiugonga chini unalia kama ngoma ndogo. Mama Tanuri alishika mmoja kwa kitambaa, akaubonyeza, ukarudi. Akalia.

Nikasema tumepona. Kumbe ndiyo kwanza tumeingia.

"Mmeona?" Redio alisema. "Mmeona dua ya mtu mnyenyekevu? Tumeomba sisi wote siku zote hizo, hakuna. Yeye kasema maneno matano!"

"Hata Mungu hakumtaja," akasema Itikieni. Uso wake ulikuwa wa jivu.

"Ndiyo karama hiyo! Wenye karama hawamtaji ovyo!"

Kufika jioni habari ilikuwa imezunguka mtaa. Mwanamke mmoja alileta mtoto mwenye homa ili mkandaji amshike kichwa. Mkwe wangu akamshika, akasema ana joto sana, ampeleke zahanati. Mama yule akaenda, mtoto akapewa dawa, akapona, na sifa ikaenda kwa nani? Mwenye duka la kona naye akaanza kumwamkia kwa kuinama. Binti yangu alikuwa anatembea na tumbo lake kama amebeba nabii.

Lakini wengine walikuwa na shaka ya aina nyingine. Itikieni aliniuliza pembeni, "Dada, huyu mkweo anatumia nini? Mtu asiyemwomba Mungu na mambo yake yanakwenda, anamwomba nani?" Nikaona jasho limemtoka hata penye kivuli. Mara mkwe wangu ni mtu asiye na Mungu, mara mtakatifu, na mara kuna wanaotaka kuchungulia chini ya kitanda chake. Na mtu mwenyewe alikuwa anakanda tu.

Kesho yake Mama Tanuri akatangaza kwamba kuanzia sasa sala ni ya mkandaji.

"Hapana, Mama," akasema mkwe wangu.

Mikono yote ikasimama.

"Ile haikuwa dua," akasema. "Na mimi siombi, siwezi kuwadanganya. Mikate ilitoka vizuri kwa sababu nilimaliza haraka. Donge lilikuwa linangoja sana ukingoni, linachoka. Ni hamira tu."

Ile "hamira tu" ndiyo iliyomwangusha. Redio alipiga kelele kama amekanyagwa. "Unasema sala ya Itikieni ndiyo iliyoharibu mikate? Sala?"

"Urefu wake," akasema mkwe.

Mama Tanuri akavuta kile kitambaa cheusi mpaka kikaficha nywele zote. "Sala ni ya mume wangu," akasema polepole. "Kijana, sikiliza. Mungu amekupa kitu, wewe unakitupa usoni kwake na kwetu. Kesho utasimama utuombee kama jana, nami nitakuheshimu mpaka nife. Au utafunga vyombo vyako."

"Nitafunga, Mama."

Huko chumbani binti yangu aliufunga mlango kwa nguvu mpaka vumbi la unga likadondoka ukutani upande wetu. Sauti yake tuliisikia wote. "Watu wanafukuzwa kwa wizi! Wanafukuzwa kwa uvivu! Mimi mume wangu anafukuzwa kwa kukataa utakatifu! Nitamwambia nini huyu mtoto?"

Sikuingia. Nilizunguka nyuma, kwenye kuni, nikamkuta Itikieni anapasua magogo. Mgongo ulikuwa unamuuma kweli. Anapiga, anajishika kiuno, anapiga tena. Nilikuwa nimejipanga nimlainishe kwanza, nimuulize habari za wajukuu, halafu nimwingie taratibu. Nina njia zangu. Lakini yeye hakuinua hata uso.

"Umekuja kunisuta, Dada."

"Nimekuja kuangalia kuni kama ni kavu."

Akakaa juu ya gogo. "Nimeoka mikate tangu meno yangu yote yapo kinywani. Unadhani mimi sijui donge likichoka? Siku ya pili tu nilijua. Nilisikia harufu nimefumba macho."

"Sasa kwa nini hukusema amina?"

"Nikate sala kwa ajili ya hamira? Mbele ya yule? Angecheka."

"Yule hajui kucheka. Amekaa kwenye ukoo wangu mwaka mzima, sijaona jino."

Hakucheka na yeye. Akashusha sauti, akaangalia huku na huku, na mimi nikasogea, maana sauti ikishushwa miguu yangu husogea yenyewe. "Nilimwambia Mungu alishikilie," akasema. "Nilisema, Bwana, mimi naendelea kuomba, wewe shikilia donge lisishuke, ili huyu asiyeamini aone. Nikaomba kwa nguvu. Halikushikiliwa. Kesho yake nikaomba zaidi, nikasema labda jana sikuwa safi. Halikushikiliwa. Halafu yule anasimama, hamtaji, na mikate inasimama. Dada, mimi ni mzee. Nimekuwa nikisema na nani muda wote huu?"

Sikutegemea hilo. Nilikuja kugombana na jabali, nimekuta mtu analia kwenye kuni. Shule yangu mimi iliishia darasa la chini, mambo ya mbinguni sikufika. Nikasema lililokuja.

"Labda alikuwa anangoja useme amina."

Akaniangalia. Nikaendelea, kwa kuwa nikianza huwa sijui kuacha. "Umemweka asimame na makopo mkononi ili akusaidie kumshinda mtu. Na yeye ana kazi. Ingekuwa mimi ningekuachia mkate udondoke siku ya kwanza."

"Usimkufuru."

"Sikufuru, nauliza. Marehemu alikuwa anaomba vipi?"

Akafikiri. "Bariki mikono hii na watakaokula. Amina."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

"Na mikate ilikuwa inasimama," nikasema, nikaondoka nikimwacha na shoka lake. Nilijua nimemwachia neno, lakini sikujua atalifanyia nini. Mtu mwenye aibu ni wa kumwogopa. Anaweza kukuokoa, anaweza kukupasua.

Kesho yake mkwe wangu alikanda mara ya mwisho. Godoro lilikuwa limeshaviringishwa, limesimamishwa mlangoni, na binti yangu ameketi juu ya sanduku la nguo bila kumsemesha mtu. Sisi tulifanya kazi kama kwenye msiba. Makopo yakajaa, donge likapanda, tukanawa.

Mama Tanuri akamwangalia mkwe wangu. "Unaomba?"

"Siombi, Mama. Lakini nitasimama na ninyi."

"Basi nenda."

"Ngoja," akasema Itikieni. Akatoka mbele. Nikaona Redio anajiweka sawa kwa ajili ya ile ndefu. "Mikate niliiharibu mimi," akasema. "Nilijua na niliendelea. Nilikuwa namtafuta huyu kijana kwa kutumia sala, na sala ya marehemu haikuwekwa kwa ajili ya kumtafuta mtu. Alilosema jana ni kweli." Akafumba macho. "Bariki mikono hii na watakaokula. Amina."

Tulichelewa kuitikia. Hakusema tuitikie upya. Akafungua mlango, akaanza kuingiza makopo, na kwa kuwa mgongo ulimkatalia kwenye safu ya chini, mkwe wangu akaenda akashika upande wa pili wa ubao uliobeba makopo. Hakuna aliyemwambia aende wala asiende.

Tukangoja. Nimewahi kungoja mtoto azaliwe kwa wasiwasi mdogo kuliko ule. Kama ingetoka imebonyea, Itikieni amekwisha, na mkwe wangu amekwisha zaidi, maana wangesema ameloga hata amina.

Ilitoka imesimama.

Mama Tanuri hakulia safari hii. Alizunguka meza, akagonga mkate mmoja, akagonga wa pili, akawa anafikiri mambo ambayo mjane hufikiri. Mwisho akasema bila kumwangalia mtu, "Mwambieni yule binti arudishe godoro ndani, litaingia unga." Halafu akamgeukia mkwe wangu. "Wewe. Usimame kwenye mstari. Macho yako shauri yako."

"Sawa, Mama."

"Na wale wanaoleta watoto wenye homa, uwaambie mwenyewe."

"Huwa nawaambia. Hawaamini."

Mlidhani ni mwisho? Redio alikaa na hasira juma zima. Kwanza alinyang'anywa mtu asiyeamini, kisha akanyang'anywa mtakatifu, akabaki na mkandaji tu, na mkandaji hana habari. Ikabidi atafute pengine. Akaanza kuniambia Itikieni siku hizi sala yake ni fupi mno, na tena jioni anakaa kwenye kuni na mkwe wangu, wanaongea mpaka giza. "Bibi, wewe huoni? Atamgeuza."

"Nani atamgeuza nani?"

"Ndiyo hapo," akasema Redio, na kwa mara ya kwanza nikaona anaogopa kweli.

Nikaenda kuhakikisha. Nilichukua beseni la maharage ya kuchambua nikakaa nyuma ya ukuta ule wenye joto, upande ambao hawanioni. Maharage yalikuwa yameshachambuliwa.

Itikieni alikuwa anasema, "Sasa mkeo akishikwa na uchungu, wewe huogopi?"

"Naogopa sana," mkwe wangu akajibu.

"Unamwambia nani?"

"Namwambia yeye mwenyewe. Mke wangu."

Nikasikia Itikieni anakwaruza gogo kwa kucha. "Mimi wangu hanisikilizi," akasema. "Nikianza kusema analala. Miaka yote nimekuwa namwambia Mungu kwa sababu hiyo."

"Na anajibu?"

"Angalau yeye halali."

Nikavuta beseni nisikie vizuri, harage moja likadondoka, likaviringika mpaka miguuni mwao.

"Mama," mkwe wangu akasema, na nina hakika alikuwa anauambia ukuta, "njoo ukae."

"Mimi napita tu," nikasema, nikapita. Walimalizia wapi yale mazungumzo sijui mpaka leo, na nina wasiwasi nao wote wawili.